Timu imepekuliwa na polisi: shabiki asubiri, atetee au azomee?

Swali: "Timu ya baiskeli ninayoishabikia imepekuliwa na polisi katikati ya mashindano. Walichukua kompyuta na mafaili tu. Hakuna aliyekamatwa wala sampuli iliyokutwa na dawa za kusisimua misuli. Tunaotazama mbio pamoja tumegawanyika vibaya. Mimi nilisema tusubiri uchunguzi, mwenzangu mmoja akaniita mjinga mbele ya watu na kunikumbusha kuwa nilimtetea Lance Armstrong, yule bingwa wa Kimarekani, mpaka siku anakiri kwamba alitumia dawa. Ni kweli nilimtetea. Je, kusubiri ni ujinga? Na mbona mashabiki wa mchezo huu ni wakali kiasi hiki? Jezi ya timu ninayo. Sijui niivae au niifungie kabatini."

Ndugu yangu,

Mwenzako amekuchanganyia mambo mawili, nawe ukayapokea yakiwa yamechanganyika hivyohivyo. Kusubiri ni jambo moja na kutetea ni jingine. Kwa Armstrong hukuwahi kusubiri. Ulikuwa umeshatoa hukumu zamani, ila hukumu yako ilikuwa ya kumwachia huru. Sikucheki, nilikuwa humohumo, na mimi ndiye niliyepaswa kujua zaidi, maana hukumu za kesi hizi nilizosoma ni nyingi kuliko hatua za mashindano (mbio za siku moja moja) nilizotazama mpaka mwisho.

Tuanze na upekuzi wenyewe. Nchini Ufaransa, biashara ya dawa za kusisimua misuli ni kosa la jinai, na hata mwanamichezo anayekutwa nazo bila sababu ya kitabibu anaweza kushtakiwa. Ndiyo maana polisi huingia hotelini. Mamlaka za michezo zinaweza kukudai mkojo na damu saa yoyote, lakini haziwezi kufungua begi la daktari wa timu kwa nguvu wala kuchukua kompyuta yake. Polisi wanaweza. Kwa hiyo upekuzi ni swali lililoulizwa kwa kugongewa mlango. Jibu lake huchukua miezi, pengine miaka, na wakati mwingine haliji kabisa.

Unaukumbuka mwaka 2021? Usiku wa tarehe 14 Julai, polisi waliingia kwenye hoteli ya timu ya Bahrain Victorious mjini Pau, Tour de France, mbio kuu za kuzunguka Ufaransa, ikiwa imebakiza siku chache. Siku mbili baadaye Matej Mohorič, mwendeshaji wao, alishinda hatua ya 19 huko Libourne. Alipovuka mstari aliweka kidole mdomoni kama anayenyamazisha watu, kisha akapitisha vidole kwenye midomo kama anayefunga zipu. Ishara ilikuwa moja, ila waliomwamini waliona mtu aliyeonewa akiwajibu wasengenyaji, na wasiomwamini waliona jeuri ya mtu anayejua hatakamatwa. Sijakutana na shabiki hata mmoja ambaye ishara ile ilimfanya abadili upande. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Na ukichukia, hata kengeza utaiita chongo.

Sasa ukali. Umeuliza kwa nini tunakuwa wakali, na hapa nitakaa kidogo.

Mchezo huu unatazamwa barabarani. Kwenye milima ya Tour de France hakuna tiketi wala geti. Mtu anafika tangu jana yake, analala kwenye gari au hema, anasimama juani siku nzima, na waendeshaji wanampita kwa dakika chache, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Alichotoa ni imani, kwamba yule anayepanda mlima mbele yake anaumia kwelikweli kama angeumia yeye. Akidanganywa hapo, hakuna nauli ya kurudishiwa.

Halafu kuna historia. Tarehe 8 Julai 1998, Willy Voet, mkandaji misuli wa timu ya Festina, alisimamishwa na maofisa wa forodha karibu na mpaka wa Ubelgiji na Ufaransa akiwa na gari lililojaa EPO, homoni za ukuaji, testosteroni na vichangamshi. EPO huuchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi kuliko kawaida, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Festina ilifukuzwa mashindanoni, polisi wakapekua timu nyingine, waendeshaji wakagoma barabarani, timu kadhaa zikajiondoa. Walioanza walikuwa 189. Waliofika Paris ni 96. Mshindi alikuwa Marco Pantani. Juni mwaka uliofuata aliondolewa kwenye Giro d'Italia, mbio za kuzunguka Italia, akiwa anaongoza, kwa sababu chembe nyekundu katika damu yake zilizidi kikomo cha asilimia 50. Alifariki Februari 2004, akiwa peke yake hotelini Rimini.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shabiki aliyepitia hayo akisikia neno "upekuzi", haanzi kufikiri upya. Anakumbuka. Na baada ya 1998 yalikuja makubwa zaidi: taji la Tour de France kuanzia 1999 hadi 2005 halina mwenyewe kwenye kumbukumbu rasmi. Armstrong alivuliwa yote saba Oktoba 2012 na hayakugawiwa mtu. Mtu aliyekaa mbele ya runinga Julai saba mfululizo ameambiwa kwamba alichokiona hakikuwapo. Mwenzako anapokufokea, sehemu ya ukali ule anamfokea yule aliyekuwa yeye mwenyewe miaka ile.

Nikupe kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kina hesabu. Mwaka 2006 Floyd Landis alishinda Tour de France, siku chache baadaye sampuli yake ya hatua ya 17, ile ya Morzine, ikakutwa na testosteroni. Akakana. Ukaanzishwa mfuko wa kuchangia gharama za utetezi wake, na mashabiki wakatoa fedha zao. Mei 2010 akakiri kwamba alikuwa akitumia dawa kwa miaka. Mwaka 2012 alikubaliana na waendesha mashtaka wa Marekani kwamba atawarudishia wachangiaji 1,765 jumla ya dola 478,354. Ni mara chache sana unaweza kupima imani ya mashabiki kwa idadi ya watu na kiasi cha fedha. Watu wale hawakuwa wajinga. Walimsikiliza mtu anayejua kusema, anayeonekana mnyonge mbele ya maabara na wanasheria, wakamhurumia. (Landis huyohuyo baadaye alilipwa zaidi ya dola milioni 1 kama mtoa taarifa, baada ya Armstrong kukubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 5 mwaka 2018. Mchezo huu una vichekesho vyake.)

Lakini Landis aliomba fedha. Armstrong aliomba kitu kikubwa zaidi: aliwaomba mashabiki wawachukie watu. Hapo ndipo nataka ujikague, kwa sababu hilo ndilo kosa letu, wala kumwamini halikuwa kosa.

Mwaka 2001 Greg LeMond, Mmarekani wa kwanza kushinda Tour de France, alionyesha wasiwasi wake hadharani kuhusu ushirikiano wa Armstrong na daktari wa Kiitalia Michele Ferrari, aliyetuhumiwa kwa dawa hizi. Alilazimika kuomba radhi hadharani, na biashara yake ya baiskeli ikaingia matatani. Mashabiki walimwita mzee mwenye wivu. Emma O'Reilly, aliyewahi kuwakanda misuli waendeshaji wa timu ya Armstrong, alisimulia alichokiona. Alishtakiwa mahakamani na kuchafuliwa jina. Christophe Bassons, Mfaransa aliyejulikana kwa kukataa dawa tangu akiwa Festina, aliandika gazetini wakati wa Tour ya 1999 kwamba mambo hayajabadilika. Armstrong akamfuata ndani ya kundi la waendeshaji, mashindano yakiendelea, akamwambia heri aondoke. Wenzake wakamtenga, na kweli akaondoka kabla ya Paris.

Watu hawa hawakuumizwa na Armstrong peke yake. Mtu mmoja hana sauti kubwa kiasi hicho. Sauti ilikuwa yetu: waliovaa bangili za njano za dola moja za mfuko wake wa saratani, waliopiga makofi mwaka 2005 alipowaambia wenye shaka kwamba anawasikitikia kwa kutoamini miujiza. Nami nilipiga makofi. Ripoti ya Oktoba 2012 ya shirika la Marekani la kupambana na dawa hizo ilipotoka, ikiwa na ushahidi wa kiapo wa watu 26, kumi na watano kati yao wakiwa waendeshaji, nilisoma mle mambo ambayo LeMond na O'Reilly walikuwa wamekwisha kuyasema. Nilikuwa nimeyasikia kwa wakati wake. Niliyatupa kwa sababu sikuwapenda wasemaji.

Kwa hiyo nikitaka kujua shabiki ni wa aina gani, siangalii anavyomsema mtuhumiwa. Ninaangalia anavyomtendea shahidi. Shabiki lialia anaweza kulala na jezi ya timu yake na bado akamwacha mtu mwingine aseme alichokiona. Huyo hana hatari kwa mtu.

Upande wa pili nao una madhambi yake, usidhani nawapitisha hivihivi wanaosema "wote ni walewale". Samaki mmoja akioza si wote wanaooza, hata kama methali inasema hivyo. Kwenye kesi hizi methali ile imewaumiza watu. Shaka ni deni. Tapeli hukopa, akaondoka, anayekuja nyuma yake ndiye anayedaiwa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alivaa jezi ya njano ya anayeongoza Tour Julai 2015 bila kuwa na sampuli yoyote iliyokutwa na dawa. Kwenye hatua ya kwenda mji wa Mende, kwa maelezo yake mwenyewe, mtu alimmwagia mkojo huku akipiga kelele kwamba anatumia dawa. Mkojo ule ulistahili kuwafikia watu waliostaafu miaka kumi nyuma, kama ulistahili kumfikia mtu yeyote.

Miaka miwili baadaye likaja suala lenyewe. Tarehe 7 Septemba 2017, kwenye Vuelta a España, mbio za kuzunguka Hispania, mkojo wa Froome ulikutwa na salbutamol, dawa ya pumu, kiasi cha nanogramu 2,000 kwa mililita, wakati kiwango kinachoruhusiwa ni 1,000. Umma haukujua mpaka magazeti yalipofichua Desemba. Mashabiki wengi walikasirishwa na ule ukimya kuliko dawa yenyewe: "Wamemficha!" Ukweli ni kwamba kanuni hazikutaka itangazwe. Salbutamol inaruhusiwa kwa kuvuta kwa kiasi fulani, na kwa dawa za kundi lake mwanamichezo hasimamishwi moja kwa moja. Hupewa nafasi ya kujieleza kwa siri. Akaendelea kushindana, akashinda Giro Mei 2018, waandaaji wa Tour wakajaribu kumzuia, kisha tarehe 2 Julai 2018, siku tano kabla ya mbio kuanza, Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Baiskeli, UCI, likafuta shauri.

Siku tano! Hakuna shabiki anayeweza kumeza uamuzi wa kitaalamu namna ile kwa siku tano. Alizomewa tangu siku ya kuwatambulisha waendeshaji, na kule kwenye mlima wa Alpe d'Huez watu walimgusa na kumtemea mate. Geraint Thomas, mwenzake wa timu ambaye hakuwa na shauri lolote, alizomewa jukwaani baada ya kushinda hatua hiyo. Unaona deni linavyohama?

Maoni yangu, na wengine hawatakubaliana nami: waliozomea hawakuwa na haki ya kumgusa mtu, lakini hasira yao ilikuwa na msingi. Usiri unaomlinda asiye na hatia ndio huohuo uliowahi kuwalinda wenye hatia, na anayesimama kando ya barabara hana njia ya kuujua huu ni upi.

Kuna namna nyingine ya kupokea habari hizi ambayo haina kelele kabisa, na wadhamini wanaiogopa zaidi. Ujerumani walimpenda Jan Ullrich, mshindi wa 1997, kama mtoto wa nyumbani. Mwaka 2006 alirudishwa nyumbani kabla Tour haijaanza, kwa kuhusishwa na upekuzi wa Hispania nitakaoutaja hapo chini, mwaka uliofuata wenzake wa zamani wa timu wakaanza kukiri mmoja baada ya mwingine. Julai 2007, baada ya sampuli ya Patrik Sinkewitz kukutwa na testosteroni, televisheni za umma ARD na ZDF zilizima matangazo katikati ya mashindano. Mbio za kuzunguka Ujerumani zilikufa baada ya 2008 na kufufuka 2018 tu. Wajerumani wengi walihama kimya, bila kumzomea mtu.

Wafaransa wao walisamehe, tena kwa namna inayonishangaza mpaka leo. Richard Virenque wa Festina alikana kwa miaka miwili, akakiri mahakamani Lille Oktoba 2000, akafungiwa, akarudi, na mwaka 2002 akashinda juu ya mlima wa Mont Ventoux watu wakimshangilia kama zamani. Bassons, aliyekuwa msafi katika timu hiyohiyo, hakuwahi kushangiliwa vile. Sina maelezo mazuri, zaidi ya kwamba kipenda roho hula nyama mbichi.

Sasa kusubiri. Nisikufiche kwamba kuna gharama. Mei 2006 polisi wa Hispania walikuta mifuko zaidi ya 200 ya damu na plasma katika kile kilichoitwa Operesheni Puerto, kwa daktari Eufemiano Fuentes. Mingi ilikuwa na majina ya siri. Mwendeshaji Ivan Basso, kwa mfano, alitambulishwa kwa jina la mbwa wake. Mwaka 2013 hakimu aliamuru mifuko ile iharibiwe. Rufaa ikaamua mwaka 2016 kwamba wapewe wanaopambana na dawa michezoni, lakini miaka kumi ilikuwa imeshapita na muda wa kisheria wa kuwaadhibu wahusika ulikuwa umekwisha. Aliyesema "nasubiri Puerto imalizike" alisubiri miaka kumi akapewa damu isiyo na kesi. Ndiyo maana wapo wanaosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Siwalaumu sana.

Hata hivyo, subiri ukijua unachosubiri. Sampuli yenye EPO au damu ya mtu mwingine si sawa na sampuli ya dawa ya pumu. Mwendeshaji wa Kolombia, Nairo Quintana, alinyang'anywa nafasi yake ya sita ya Tour ya 2022 kwa sababu ya tramadol, dawa ya maumivu ambayo wakati ule ilikatazwa na kanuni za kitabibu za UCI pekee. Hakufungiwa, kwa kuwa haikuhesabiwa kuwa kosa la dawa za kusisimua misuli. Ilikuja kuingia kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, mwaka 2024. Wengi wangali wakimtaja kwenye pumzi moja na Landis. Na jihadhari na nchi ya mtu kuingilia kati. Mwaka 2011 bingwa wa Hispania Alberto Contador alipokuwa na shauri la clenbuterol, dawa iliyokatazwa, chembechembe za picogramu 50 kwa mililita, hata ofisi ya waziri mkuu wa Hispania ilimtetea hadharani. Shirikisho la nchini mwake likamsafisha. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamfungia Februari 2012 na kumvua mataji. Katikati hapo alikuwa ameshinda Giro nzima iliyobidi apewe mtu mwingine.

Kwa timu yako, mpaka unaniandikia, hakuna sampuli, hakuna shahidi, hakuna mashtaka. Kuna kompyuta zilizochukuliwa. Sema hivyo tu, neno kwa neno, wala usiongeze "naamini ni wasafi", maana hujui. Kesho akitokea dereva wa basi la timu au mkandaji akasema jambo, msikilize mpaka mwisho kabla hujauliza alifukuzwa kazi lini.

Jezi ivae. Iliposhonwa hakuna aliyekuuliza kuhusu damu ya mtu. Kule Mont Ventoux, mahali alipoanguka na kufa mwendeshaji Mwingereza Tom Simpson tarehe 13 Julai 1967 akiwa na amfetamini mwilini, wapanda baiskeli wa kawaida wanasimama mpaka leo na kuacha chupa za maji na kofia kwenye jiwe la ukumbusho. Wanajua alichotumia. Wanaacha hivyohivyo.

Na yule mwenzako aliyekuita mjinga, ambaye bila shaka anasema yeye alijua tangu zamani kuhusu Armstrong, muulize kwa upole alijua mwaka gani. Akikujibu 2012, mkaribishe mkae pamoja. Akikujibu 2001, muulize alisema nini siku LeMond anaomba radhi.